Luís Fróis

Luís Fróis (Lisbon, Ureno, 1532 - Nagasaki, Japani, 8 Julai 1597) alikuwa padri na mmisionari wa Shirika la Yesu (Wajesuiti). Ni mmoja wa Wazungu wa kwanza walioeleza kwa makini jinsi Wajapani walivyokula.

Maisha

Alijiunga na shirika hilo mwaka 1548 na mwaka huohuo akatumwa Goa, Uhindi, ambako baadaye alipata upadrisho. Mwaka 1563 alifika Japani, akajifunza lugha na kukaa huko karibu maisha yake yote yaliyobaki. Mwaka 1569 alionana na mtawala Oda Nobunaga mjini Kyoto, akampa chupa ya kioo yenye peremende za sukari za Kireno. Peremende hizo zinatengenezwa Japani hadi leo, na jina lake, kompeito, limetokana na Kireno.

Kitabu cha ulinganisho

Mwaka 1585, akiwa Kazusa, aliandika kitabu kifupi chenye sura 14 na tofauti zaidi ya 600 kati ya Ulaya na Japani. Sura ya sita inahusu chakula na vinywaji.

Humo anaeleza kwamba Wazungu walikula kwa vidole (uma ulikuwa bado haujaenea Ulaya), kwa hiyo walilazimika kunawa kabla na baada ya kula. Wajapani walitumia vijiti viwili tangu utotoni, wala hawakugusa chakula. Ulaya ilikula mkate wa ngano. Japani wali uliopikwa bila chumvi. Wazungu walipenda samaki wa kuchoma au kuchemsha, Wajapani walimpenda zaidi akiwa mbichi. Divai ya Ulaya ilinywewa baridi, pombe ya mchele ilipashwa moto. Hata utumbo wa samaki uliochachushwa, ambao Mzungu aliuona kinyaa, Mjapani aliula kwa furaha akinywa pombe yake.

Mara nyingi Fróis hakusema upande upi una haki. Aliweka desturi mbili sambamba tu, jambo lisilo la kawaida kwa msafiri wa karne ya 16.

Aliandika pia historia ndefu ya umisionari nchini Japani, ambayo haikuchapwa alipokuwa hai. Kitabu cha ulinganisho nacho kilisahaulika hadi mwaka 1946, Mjesuiti Josef Franz Schütte alipokiona katika maktaba huko Madrid, Hispania. Kilichapwa mwaka 1955, miaka 370 baada ya kuandikwa.