Robert Bresson: Mwongozaji wa Filamu Aliyetafuta Nyayo za Neema

Kanisa halijaipa senema kisogo. Papa Pius XI aliitolea waraka mwaka 1936. Papa Pius XII akaandika mwingine mwaka 1957, uliogusa pia redio na televisheni, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari mwaka 1963. Mafundisho hayo yanaonya juu ya madhara ya filamu mbaya, lakini yanakiri pia kwamba chombo chenyewe ni kipaji cha Mungu mikononi mwa wanadamu. Hata hivyo, swali moja linabaki. Kamera huona sura ya nje tu. Je, yaweza kutuonyesha kazi ya neema, ambayo hutendeka moyoni bila kuonekana? Ni waongozaji wachache waliolichukua swali hilo kwa uzito kama Mfaransa Robert Bresson.

Mchoraji aliyeshika kamera

Bresson alizaliwa tarehe 25 Septemba 1901 katika kijiji cha Bromont-Lamothe, Puy-de-Dôme, katikati ya Ufaransa, akalelewa katika imani Katoliki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa uchoraji. Ingawa aliiacha, jicho la mchoraji halikumtoka: katika filamu zake mkono unaofungua mlango, kipande cha mkate mezani au uso ulioinama hupewa muda wake, kana kwamba kila kitu kina neno la kusema. Mwaka 1934 alitoa filamu fupi ya kuchekesha, ambayo haikumpatia sifa kubwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, alitekwa na Wajerumani mwaka 1940, akakaa kifungoni zaidi ya mwaka mmoja. Tangu hapo gereza, mlango uliofungwa na nafsi inayotamani uhuru vilirudi mara nyingi katika kazi zake.

Masista na wafungwa

Filamu yake ndefu ya kwanza, Les Anges du péché, ilitoka mwaka 1943, nchi ikiwa bado mikononi mwa wavamizi. Wazo lake lilitokana na Padre Raymond-Léopold Bruckberger, Mdominiko, nayo inahusu Masista Wadominiko wa Bethania. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1866 na Padre Jean-Joseph Lataste, baada ya kuhubiri mafungo kwa wanawake waliofungwa huko Cadillac na kuona jinsi Mungu anavyoweza kumfanya upya mtu ambaye jamii imekwisha kumtupa. Wanawake waliotoka gerezani walipokelewa humo kama masista kamili, bila kuulizwa habari za jana. Padre Lataste alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2012.

Katika filamu hiyo, Anne-Marie, mtawa kijana wa familia tajiri, anajipa jukumu la kumwokoa Thérèse, mwanamke aliyeingia konventini baada ya kuua mtu, akijificha na mkono wa sheria. Bidii ya Anne-Marie imechanganyika na kiburi: anataka kuokoa kwa nguvu zake mwenyewe. Ni pale tu anapofukuzwa, akadhoofika na kulala kitandani akikaribia kufa, ndipo moyo wa Thérèse unapoguswa. Mwuaji huyo anatamka nadhiri kwa niaba ya mgonjwa aliyeishiwa sauti, kisha anatoka na kuwanyoshea polisi mikono afungwe pingu. Neema imepita mahali ambapo nguvu ya binadamu ilikomea.

Baada ya filamu yake ya pili, iliyotoka mwaka 1945, Bresson aliachana na waigizaji mashuhuri. Alichagua watu wasio na ujuzi wa jukwaani, akawarudisha katika tendo lile lile mara nyingi mpaka madoido yote yatoke. Hakutaka mtu aigize huzuni. Alitaka huzuni ionekane yenyewe. Alipunguza muziki na maneno, akaupa ukimya nafasi. Sisi tunaoadhimisha Liturujia tunaweza kumwelewa. Kasisi altareni haigizi sala wala hatafuti makofi. Hufanya matendo machache, yale yale kila siku, na Mungu hutenda ndani yake.

Paroko kijana wa Ambricourt

Kazi iliyomfanya ajulikane zaidi miongoni mwa waamini ni Journal d'un curé de campagne ya mwaka 1951, yaani shajara ya paroko wa kijijini, kutokana na riwaya ya mwandishi Mkatoliki Georges Bernanos iliyochapishwa mwaka 1936. Waandishi wengine walikuwa wamejaribu kuigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, lakini Bernanos, aliyefariki mwaka 1948, aliikataa kazi yao. Bresson alifuata njia ya uaminifu: alipunguza mengi, lakini hakuugusa moyo wa kitabu.

Paroko huyo, aliyechezwa na Claude Laydu, ni kijana mgonjwa katika parokia yake ya kwanza. Tumbo lake halipokei chakula ila mkate na divai kidogo, na wanakijiji wanamsema kuwa mlevi. Watoto wa katekisimu wanamdhihaki. Anaona ugumu hata katika kusali. Siku moja anazungumza na mke wa bwana mkubwa wa kijiji, mama ambaye tangu kufiwa na mtoto wake wa kiume amemfungia Mungu mlango kwa chuki iliyofunikwa na adabu. Paroko hana ufasaha wala mbinu, bali anamwambia ukweli bila kumwacha. Mama yule analia, anasalimu amri mbele ya Mungu na kupata amani. Kabla ya mapambazuko amekufa. Kijiji kinamlaumu paroko kwa kifo hicho, naye ananyamaza, ingawa anayo barua ya marehemu ya kumshukuru.

Mwishowe anagundulika kuwa na saratani ya tumbo, anafia katika nyumba ya rafiki yake wa seminari aliyeacha upadre, na kwa kuwa hakuna padre mwingine karibu, anaomba ondoleo la dhambi kwa rafiki huyo. Pengine baadhi ya waamini watashtuka. Wasishtuke. Sheria ya Kanisa yafundisha kwamba padre yeyote, hata asiyekuwa na ruhusa ya kuungamisha, aweza kumwondolea dhambi kihalali mtu aliye katika hatari ya kufa. Mama Kanisa hataki mtoto wake yeyote azimike bila kupata huruma. Paroko anafariki akikiri kwamba neema haikukosekana popote, na kwenye kioo cha senema unabaki msalaba peke yake.

Upepo gerezani

Mwaka 1956 Bresson alitoa filamu juu ya mfungwa anayetoroka gereza la Montluc, mjini Lyon, akikabiliwa na hatari ya kuuawa na Wajerumani. Ni habari ya kweli ya André Devigny, aliyetoroka mwaka 1943. Filamu inaonyesha kwa subira kijiko kikinolewa kuwa patasi, mbao za mlango zikichongwa na blanketi zikisokotwa kamba. Lakini jina lake la pili limetoka katika mazungumzo ya Yesu na Nikodemo juu ya upepo usioamriwa na mtu (taz. Yn 3:8). Mfungwa anafanya kazi kana kwamba yote yamtegemea yeye, na bado kuna mengi yasiyomtegemea. Kijana mgeni anapoletwa katika chumba chake karibu na saa ya kutoroka, ni lazima achague: amuue au amwamini. Anamwamini, na baadaye tunagundua kwamba peke yake asingeweza kuupanda ukuta. Filamu hii ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes mwaka 1957.

Zilifuata Pickpocket ya mwaka 1959, juu ya kijana mwizi anayekubali kupendwa akiwa nyuma ya nondo za gereza, na Procès de Jeanne d'Arc ya mwaka 1962, iliyojengwa juu ya kumbukumbu halisi za kesi ya Mtakatifu Yoana wa Arc, aliyechomwa moto Rouen mwaka 1431.

Punda na binti maskini

Mwaka 1966 alitoa Au hasard Balthazar, maisha ya punda. Watoto wanambatiza kwa mchezo, kisha anapita mikononi mwa mabwana wengi: walafi, wabahili, walevi, wakatili. Hasemi neno. Anabeba mizigo ya dhambi zisizo zake, na mwishoni anakufa malishoni akizungukwa na kondoo. Msomaji wa nabii Isaya, sura ya 53, atatambua ni nani anayekumbukwa hapo.

Mwaka uliofuata alitoa Mouchette, pia kutoka kwa Bernanos. Binti wa kijijini, aliyepigwa nyumbani, kudharauliwa shuleni na kunajisiwa, anajitupa bwawani. Hapa wengine hukwazika, na suala lenyewe ni zito. Kanisa hufundisha kwamba uhai ni mali ya Mungu na hatuna haki ya kujiua. Lakini Katekisimu (na. 2282–2283) inafundisha pia kwamba hofu kuu na mateso vyaweza kupunguza wajibu wa mtu, kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, na kwamba Kanisa linawaombea. Bresson hakumhukumu binti huyo wala hakusifu kitendo chake. Maji yalipomfunika, aliweka muziki wa Monteverdi wa Utenzi wa Bikira Maria, unaomtukuza Mungu awakwezaye wanyonge (taz. Lk 1:52). Familia zilizopitia msiba wa namna hii katika parokia zetu zinahitaji kusikia fundisho hilo lote, si nusu yake.

Giza la miaka ya mwisho

Kadiri alivyozeeka, filamu zake ziliingia giza. Ya mwisho, L'Argent ya mwaka 1983, inafuata noti bandia inayopita mkono hadi mkono mpaka inamfanya mfanyakazi mwadilifu kuwa mwuaji. Hadithi ya Tolstoy iliyoizaa ina sehemu ya pili, ambamo wema nao unaenea kutoka mtu hadi mtu. Bresson hakuichukua sehemu hiyo. Aliishia pale mwuaji anapojisalimisha kwa polisi.

Kwa sababu hiyo wengine walimwita Mjanseni, wakimfananisha na wafuasi wa mafundisho ya karne ya 17 yaliyodai kwamba Kristo hakufa kwa ajili ya watu wote, mafundisho ambayo Papa Innocent X aliyalaani mwaka 1653. Wengine walisema amepoteza imani. Tusiwe wepesi wa kuhukumu moyo wa mtu. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, na Kanisa huisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Isitoshe, mtu aliyetenda maovu na kwenda mwenyewe kuyakiri amekwisha kuanza safari ya kurudi, hata kama hatuoni mwisho wake. Thérèse wa filamu ya mwaka 1943 na mwuaji wa mwaka 1983 wanafanya tendo lile lile.

Bresson alitamani kwa miaka mingi kutengeneza filamu ya Kitabu cha Mwanzo, lakini haikutimia. Katika miaka 40 alitoa filamu ndefu 13 tu. Alifariki tarehe 18 Desemba 1999, akiwa na umri wa miaka 98.

Wapendwa waamini, filamu zinaingia nyumbani mwetu kila siku kwa njia ya simu na televisheni. Tusiulize tu kama ina picha chafu au haina. Tuulize pia inatufundisha kumtazamaje mwanadamu. Bresson alimtazama mwizi, mfungwa, paroko aliyeshindwa na binti aliyedharauliwa, asigeuze uso. Nasi tunao watu kama hao katika jumuiya zetu ndogondogo. Tujaliwe macho ya kuona kwamba Mungu hajaacha kutenda kazi ndani yao, na tumwombee marehemu Robert raha ya milele na mwanga usiozimika.