Luigi Broglio, Mtaliano aliyeipima hewa ya juu kutoka pwani ya Malindi

Aprili 26, mwaka 1967, setelaiti ya Italia yenye uzito wa takriban kilo 129 iliruka kutoka baharini, karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya. Njia yake ilifuata Ikweta bila kuiacha kwa zaidi ya nyuzi tatu kaskazini wala kusini, ukanda ambao kwa upande wa Tanzania unaifikia hata Tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Aliyeibuni na kuisimamia hadi siku hiyo alikuwa Profesa Luigi Broglio, wakati huo akiwa na umri wa miaka 55.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, Novemba 11, 1911. Alisomea uhandisi mjini Roma, akawa ofisa wa jeshi la anga la Italia, kisha akaongoza shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1961, yeye pamoja na mwanafizikia Edoardo Amaldi waliishawishi serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani kugharimia mradi wa setelaiti uliopewa jina la San Marco. Mwaka uliofuata Italia ilikubaliana na Marekani: Wamarekani watoe roketi za Scout na mafunzo, Waitaliano watengeneze setelaiti na kuzirusha wao wenyewe.

Swali lililomshughulisha lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Kilomita 200 na zaidi kutoka ardhini hewa ni chache mno, lakini inatosha kukivuta chombo kidogo kidogo mpaka kianguke. Tena haitulii: jua linapochachamaa hewa hiyo hutanuka, na setelaiti zilizo chini hupoteza kimo upesi. Broglio aliamua kuifanya setelaiti yenyewe kuwa mizani. Gamba jepesi la nje liliunganishwa na kiini kizito cha ndani kwa mikono inayonepa. Hewa ilipolisukuma gamba, lilisogea kiasi kidogo sana, na msogeo huo ndio uliopimwa. Mizani hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo.

San Marco ya kwanza ilirushwa Desemba 15, 1964 na mafundi wa Kiitaliano, lakini kutoka Wallops, Marekani. Broglio aliitaka Ikweta. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki husaidiwa na mzunguko wa dunia, jambo la maana kwa Scout, iliyokuwa roketi ndogo. Na setelaiti hupita juu ya ukanda uleule kila baada ya saa moja na nusu hivi. Italia haikuwa na ardhi huko. Ndipo yakapelekwa Ngomeni majukwaa mawili yenye miguu ya chuma, moja la kurushia na jingine, Santa Rita, ambalo awali lilitumika kuchimba mafuta, likawa la kuongozea. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amerusha setelaiti kutoka jukwaa la baharini.

Wamarekani nao walipatamani. Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setelaiti yao ya kuchunguza miale ya eksirei iliruka kutoka hapo na kupewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Kazi ya mwaka 1974 pengine ndiyo iliyoona mbali zaidi. Chombo kimoja hakiwezi kueleza kama hewa imebadilika kwa sababu ya saa au kwa sababu ya mahali. Hivyo San Marco ya nne ilipima juu ya Ikweta huku Explorer 51 ya Marekani ikipima kaskazini na kusini zaidi, na vipimo vikalinganishwa. Mwaka 2017 wazo la namna hiyo lilirudi kwa sura nyingine, katika mradi wa QB50, uliorusha zaidi ya setelaiti 30 ndogo kuchunguza tabaka hizo.

Setelaiti tisa zilirushwa Ngomeni. Ya mwisho, San Marco ya tano, iliondoka Machi 25, 1988 na kuanguka Desemba mwaka huohuo. Mpango wa Broglio wa kuiongezea Scout nguvu ili urushaji uendelee haukufika popote, na majukwaa yakabaki kimya, ingawa kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea mawasiliano ya setelaiti.

Broglio alifariki dunia Januari 14, 2001. Kituo cha Malindi kilipewa jina lake. Wakenya, waliotazama roketi za wageni zikiruka pwani yao kwa miaka 21, walisubiri hadi Mei 2018 kupata setelaiti yao ya kwanza, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na chuo kilekile cha Roma alichofundisha Broglio. Hiyo haikuruka kutoka Ngomeni. Iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.