Krapf na theluji aliyoonyeshwa Ukambani

DKT Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyezaliwa mwaka wa 1810 kijijini Derendingen, anakumbukwa sana kwa kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, baada ya kifo chake. Lakini kilichomletea kejeli akiwa hai ni mlima aliouona akiwa Kitui.

Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka uo huo akamzika mkewe, Rosine, pamoja na binti yao mchanga. Baadaye alihamia Rabai. Mnamo Novemba 1849 alifunga safari ya Ukambani kwa miguu kupitia Kikumbulyu, ambayo sasa imo katika Kaunti ya Makueni, hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika pwani.

Kivoi alikuwa ameshafika Uchagani na kuuona Kilimanjaro. Alimweleza mgeni wake kwamba upande wa kaskazini kulikuwa na mlima mwingine mkubwa, nao pia mweupe kileleni. Mawingu ya msimu wa mvua yaliuficha kwa siku kadhaa. Desemba 3 anga ilitakata, na Krapf akaona vilele viwili mithili ya pembe, vimefunikwa na weupe. Jina aliloliandika alilipata kwa Wakamba, na ndilo lililokuja kuwa jina la nchi. Sifa za ugunduzi, hata hivyo, alipewa mgeni wala si mwenyeji.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley hakuamini. Alikuwa ameshaipinga taarifa ya Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, aliyeuona Kilimanjaro mwaka wa 1848. Kwake, theluji karibu na Ikweta ilikuwa ndoto.

Krapf alirudi Ukambani 1851, akaandamana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Mnamo Agosti msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Mmishonari alitangatanga nyikani peke yake, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Aliporejea kijijini, jamaa za marehemu walimlaumu kwa kushindwa kumlinda mwenyeji wake. Alitoroka usiku kuokoa maisha yake.

Aliondoka Afrika Mashariki 1853, afya ikiwa imedhoofika, akafariki Korntal, Ujerumani, Novemba 26, 1881. Mnamo 1883 Joseph Thomson aliukaribia mlima huo na kuithibitisha theluji yake. Mwaka wa 1893 J. W. Gregory akafika penye barafu yenyewe.