Kufuta Deni la Damu: Sajenti Nigel Leakey na Nyumba ya Baba Yake



Hapa Turkana jina la Leakey si geni. Ukitaja Nariokotome, hata mtoto wa shule atakuambia habari za mifupa ya yule kijana wa kale, iliyopatikana mwaka 1984 na kikosi cha Richard Leakey, na kwamba aliyeiona wa kwanza ni Kamoya Kimeu. Lakini ukoo ule ulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuwa wa mifupa. Alikuwa mkulima, akawa askari, akafa vitani akiwa na miaka 28. Wiki hii nataka niwasimulie maisha yake na ya nyumba yao. Nyumba ile ilifika mahali ambapo wengi wetu, kuanzia Lodwar mpaka Kakuma, tumefika: pale ambapo umeuliwa mtu wako na kila anayekuona anasema una haki ya kudai damu.

Nigel Gray Leakey alizaliwa tarehe 1 Januari 1913 huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Baba yake, Gray Leakey, alikuwa mlowezi na mkulima, wa ukoo mmoja na Louis Leakey, babake Richard. Gray aliishi na Wakikuyu miaka mingi na aliongea lugha yao vizuri kabisa. Mama yao alifariki watoto wakiwa bado hawajakua. Nigel alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Bromsgrove, kisha akarudi Kenya kulima. Ndugu yake Rea aliingia jeshi la Uingereza, akapigana na vifaru kule Afrika ya Kaskazini na mwishowe akawa meja jenerali. Dada yao aliitwa Agnes. Mshike jina hilo, tutarudi kwake.

Juni 1940 Italia iliingia vitani, na wakati huo Waitaliano walikuwa wameishika Ethiopia. Mpaka wote wa kaskazini mwa Kenya ukawa mstari wa vita. Wazee wetu waliona askari wa King's African Rifles, yaani KAR, wakipita Lodwar na Lokitaung, na baadaye wakavuka mpaka kule kaskazini mwa ziwa. Nigel alikuwa sajenti katika kikosi cha 1/6 cha KAR. Hicho kilikuwa kikosi cha Tanganyika, kwa hiyo huyu kijana wa Kiganjo alipigana bega kwa bega na askari wengi waliotoka mbali na kwao.

Addis Ababa ilikombolewa Aprili 1941, na Mei Mfalme Haile Selassie akarudi katika mji wake. Mtu angedhani mambo yameisha. Hapana. Kusini, katika nchi ya maziwa, Waitaliano walikuwa bado wanapigana, na mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa matope. Tarehe 19 Mei, KAR walifika mto Bilate, mahali panapoitwa Colito. Nigel alikuwa na mzinga mdogo wa kurusha makombora, na kazi yake ilikuwa kuwafyatulia adui wakati wenzake wanavuka mto. Alifyatua mpaka makombora yakaisha. Angeweza kukaa pale ng'ambo ya nyuma, maana kazi aliyopewa ameimaliza. Lakini alivuka mto akawafuata wenzake.

Huko mbele vifaru vya Waitaliano vilitokea ghafla kutoka vichakani. Wale askari waliovuka hawakuwa na silaha ya kupiga kifaru. Nigel alikimbia, akaruka juu ya kifaru kimoja kutoka nyuma, akaufungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwa ndani, akamwacha dereva peke yake na kumlazimisha akiendeshe mpaka mahali pa kujificha. Alijaribu kuutumia mzinga wa kile kifaru, ukakataa. Basi akashuka, akavifuata vingine kwa miguu. Alipanda juu ya kifaru cha pili, akaufungua mfuniko, na hapo ndipo bunduki ya kifaru kingine ikampiga akaanguka. Shambulio la vifaru lilivunjika, na KAR wakashinda siku ile.

Novemba 1945, vita vikiwa vimekwisha, Uingereza ilimtunuku Victoria Cross, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani. Lakini Nigel hana kaburi linalojulikana. Jina lake limeandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu katika makaburi ya vita pale Ngong Road, Nairobi. Babake alibaki na nishani na jina ukutani.

Hayo ni ya mtoto. Sasa ya baba.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Na hapa tuseme kweli, kwa sababu hadithi hii haiwezi kusemwa nusu. Mau Mau hawakutoka hewani. Ardhi ilikuwa imechukuliwa. Watu walikuwa vibarua katika mashamba yaliyokuwa ya babu zao. Askari Waafrika waliopigana upande wa Uingereza walirudi nyumbani bila shamba na bila heshima. Mmoja wao, Waruhiu Itote, alipigana Burma na KAR, kisha akaingia msituni akajulikana kama Jenerali China. Alipokamatwa mwaka 1954, alifungwa Lokitaung, hapa hapa kwetu, alipokuwa Mzee Kenyatta, ambaye baadaye aliletwa Lodwar.

Oktoba 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliingia nyumbani kwa Gray Leakey. Mke wake wa pili aliuawa. Yeye mzee walimchukua wakaenda naye, na wakamzika akiwa hai. Walimchagua kama sadaka, na walimchagua kwa sababu alikuwa mtu mwema aliyeheshimiwa na Wakikuyu. Hebu fikiria hilo. Wema wake ndio uliomfikisha kaburini.

Agnes alikuwa mbali, ng'ambo, habari zilipomfikia. Kaka alikufa kwa risasi za Waitaliano. Sasa baba kwa mikono ya watu wa nchi aliyozaliwa. Alikuwa mwamini aliyekuwa ametoa maisha yake kuhubiri upatanisho, yeye na mume wake Bremer Hofmeyr wa Afrika Kusini. Lakini moyo wake uliwaka, akataka kisasi. Wapendwa, wokovu haukufanyi jiwe. Agnes aliupeleka uchungu ule mbele za Mungu, akapata neno gumu: asishike chuki, bali azidi kufanya kazi mioyo ibadilike, ya weusi na ya weupe pia. Angalia, ya weupe pia. Alikubali kwamba kiburi cha watu wake mwenyewe kilikuwa na sehemu yake katika moto ule.

Miaka ikapita. Siku moja mtu aliyekuwa kiongozi katika Mau Mau akamweleza kwamba alikuwa miongoni mwa waliokaa wakaamua babake auawe. Hakulazimishwa kusema. Agnes hakuondoka, wala hakumlaani. Walisameheana, na wakasimama pamoja mbele za watu kueleza jambo hilo.

Mimi nilisomea biashara, na kuna kitu kimoja cha darasa la uhasibu ambacho sijakisahau. Huwezi kufuta deni ambalo hukuliandika. Kwanza unaandika: fulani anadaiwa, kiasi hiki, tarehe hii. Ndipo unaweza kulifuta. Kuna watu wanadhani kusamehe ni kusema hakuna kilichotokea. Hiyo si kusamehe, hiyo ni kuficha hesabu, na hesabu iliyofichwa itajitokeza tu siku moja. Agnes hakuficha. Alijua ni nani aliyekufa na alikufaje. Alilisoma deni lote, halafu akaandika limefutwa. Ndivyo yule mfalme wa Mathayo 18 alivyofanya: kwanza alifungua hesabu, kiasi kikasomwa, ndipo akamwachilia mtumwa wake.

Na ukiendelea kusoma daftari lile utakuta upande wa pili nao una majina. Dedan Kimathi, mtu wa Nyeri pia, alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mjane wake Mukami aliomba miaka mingi aonyeshwe mahali alipozikwa mumewe, akafa mwaka 2023 bila kuonyeshwa. Familia mbili za Nyeri, kila moja ina mtu asiye na kaburi. Nani anamdai nani? Ukitaka kusawazisha kwa damu, utaongeza mistari na hutafika chini ya ukurasa.

Nasema haya kwa sababu ya sisi. Nimekaa kwenye matanga huku kwetu baada ya ngoroko kupita, nikasikia vijana wakihesabu: wao wamechukua ng'ombe kadhaa, wameua watu kadhaa, sisi tunadai kadhaa. Na ukienda upande wa pili wa mpaka, kwa Toposa au kwa Dassanech, kuna matanga mengine na hesabu nyingine inayoanzia mwaka mwingine. Kule Kakuma, tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, tumeabudu na ndugu waliotoka Sudan, Kongo, Ethiopia na Burundi, na wako watu ibadani ambao kabila la aliyeketi benchi la mbele ndilo lililomuua baba yao.

Sisemi polisi wasifanye kazi, wala mahakama ifungwe. Aliyeua ajibu. Warumi 12 inatuambia kisasi tumwachie Bwana, na sura inayofuata inaonyesha kwamba mamlaka nayo yamewekwa na Mungu kwa kazi hiyo. Ninalosema ni kwamba wewe, mama uliyebaki na watoto, na wewe kijana unayeambiwa kila jioni kwamba hujawa mwanamume mpaka ulipize, una ruhusa ya kuliandika deni lako lote mbele za Mungu. Usipunguze hata mstari mmoja. Lia. Taja majina. Kisha mwombe akupe mkono wa kulifuta, maana kwa nguvu zako hutaweza, kama Agnes naye asingeweza kwa nguvu zake.

Sajenti Nigel alivuka mto kwa ujasiri, na nchi nzima ikamheshimu kwa nishani. Dada yake alivuka mto mwingine, na kwa kuvuka huko hakuna nishani. Lakini Agnes hakuidai damu ya nyumba ya Gray Leakey kwa mtoto wa mtu yeyote. Wiki hii, kila mtu akae na jina moja mbele za Bwana, lile gumu kuliko yote, tuombe kwa ajili yake. Mbarikiwe.