Antonio Stradivari, Fundi wa Fidla
Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla, alifanya kazi yake mjini Cremona, nchini Italia, hadi alipofariki huko mwaka 1737 akiwa mzee sana. Fidla alizozitengeneza kati ya 1700 na 1720 ndizo zinazothaminiwa zaidi. Mnunuzi huchunguza vanishi ya asili na hati za wamiliki waliotangulia. Ufa wa mgongoni hushusha bei mno. Ama karatasi ya jina iliyobandikwa ndani, hiyo si ushahidi, ndugu mpelelezi, kwani maelfu ya fidla za viwandani zilibandikwa jina lake. Fidla yake ya 1721, iitwayo Lady Blunt, ilihifadhika vizuri kwa kuwa ilipigwa mara chache. Mwaka 2011 iliuzwa kwa dola milioni 15.9, fedha zikaenda kuwasaidia waliopatwa na tetemeko la ardhi nchini Japani.