Padri Emil Kapaun, Aliyembeba Mwenzake

Wakatekumeni wapendwa, katika mafundisho mmesikia jinsi Bwana wetu Yezu Kristu alivyotoa uhai wake kwa ajili yetu, akatuagiza tupendane vivyo hivyo. Labda mmoja wenu hujiuliza moyoni kama mtu wa kawaida aweza kulishika agizo hilo. Basi sikilizeni habari za Padri Emil Kapaun.

Alizaliwa tarehe 20 Aprili 1916 katika kijiji cha Pilsen, jimbo la Kansas, nchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali nyingi. Tangu utoto alizoea kazi za shamba, akajifunza kutengeneza vitu kwa mikono yake. Alipewa upadri mwaka 1940, na mwaka 1944 akawa padri wa askari, akatumwa India na Burma. Padri wa askari hachukui silaha. Kazi yake ni kuwapa askari sakramenti na kuwafariji wanaokufa.

Mwaka 1950 vita ilizuka katika nchi ya Korea, mashariki ya Asia, naye akapelekwa huko. Alisoma Misa juu ya gari la askari, akifanya sehemu yake ya mbele kuwa altare. Gari lake lilipoharibiwa, alipanda baisikeli kuwafuata askari wake. Mara nyingi alikimbia penye risasi ili kuwavuta majeruhi mahali pa salama.

Mwanzo wa Novemba mwaka huo, karibu na mji wa Unsan, jeshi kubwa la China lililokuja kuisaidia Korea ya Kaskazini liliwazunguka askari wake usiku. Walioweza kutoroka walitoroka. Padri naye angaliweza kwenda zake, lakini majeruhi hawakuweza kutembea, naye hakukubali kuwaacha. Akabaki, akijua kwamba atakamatwa.

Kandokando ya njia alikuwa amelala askari mmoja, jina lake Herbert Miller, aliyevunjika kifundo cha mguu. Askari wa adui alisimama juu yake, amemwelekezea bunduki kichwani, tayari kumpiga. Padri Kapaun, ambaye amekwisha kuwa mateka, akamwendea yule adui bila kukimbia wala kupiga kelele. Akaisukuma bunduki kando, akainama, akamwinua Miller na kumbeba mgongoni. Adui alishangaa, asifyatue risasi.

Safari ya kwenda kambini ilikuwa ya siku nyingi, katika theluji na baridi kali, na aliyeshindwa kutembea aliweza kuuawa. Padri alimbeba Miller, na alipochoka alimshika mkono, naye Miller akarukaruka kwa mguu mmoja. Kwa mfano wake wengine nao wakaanza kuwabeba wenzao.

Katika kambi ya Pyoktong mateka walikufa wengi kwa njaa, baridi na kuhara. Hapo mikono ya mtoto wa mkulima ilipata kazi. Padri alipondaponda mabati akayafanya sufuria, akayeyusha theluji ili wagonjwa wapate maji ya moto. Aliwatoa chawa, akafua nguo zilizochafuliwa na kuhara ambazo wengine waliogopa kuzigusa. Usiku alinyemelea maghala ya walinzi, akachukua mahindi na kuwagawia wenye njaa. Na kabla ya kwenda alimwomba yule mwizi mwema aliyesulibiwa pamoja na Bwana. Msidhani kwamba alifundisha wizi. Watu walikuwa wakifa, na Kanisa linafundisha kwamba afaye kwa njaa aweza kutwaa chakula cha kumponya.

Walinzi walikataza sala; yeye alipita kimya nyumba kwa nyumba akisali na Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Siku ya Pasaka, mwezi wa Machi 1951, aliwakusanya mateka wakasali pamoja mbele ya walinzi. Alikuwa amekwisha kudhoofika sana. Walinzi wakamchukua kwa nguvu kwenye nyumba ambamo wagonjwa waliachwa wafe. Wenzake walilia, lakini yeye aliwaombea msamaha waliomchukua. Akafa tarehe 23 Mei 1951, mwenye umri wa miaka 35.

Myahudi mmoja, afisa wa jeshi aliyeletwa kambini baadaye, alisikia habari zake, akachonga kwa ukuni msalaba wenye sura ya Kristu ili kumkumbuka. Mateka walipofunguliwa mwaka 1953 walitoka nao. Mwaka 2013 Marekani ilimpa Padri nishani yake kubwa ya vita, na Miller alikuwapo, mzee mwenye miaka mingi. Mwaka 2021 mifupa yake ilitambuliwa, ikazikwa katika kanisa kuu la Wichita. Mwaka 2025 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali kwamba Padri huyu alitoa uhai wake kwa ajili ya wenzake.

Wakatekumeni, angalieni vema. Padri Kapaun hakutoa uhai wake kwa saa moja tu. Aliutoa kwa sufuria ya maji ya moto, kwa nguo iliyofuliwa, kwa mgongo ulioinama. Vita haiko kwetu sote, lakini mgonjwa asiye na wa kumtekea maji yuko. Kabla ya kuja tena mafundishoni, kila mmoja amtafute wake.