Honoré Fragonard

Honoré Fragonard (13 Juni 1732 - 5 Aprili 1799) alikuwa daktari wa upasuaji na mtaalamu wa anatomia kutoka nchini Ufaransa. Alikuwa mmoja wa walimu wa kwanza wa shule ya kwanza ya tiba ya wanyama duniani. Anajulikana hasa kwa miili ya wanyama na ya binadamu aliyoichuna ngozi na kuihifadhi kwa ajili ya kufundishia. Sehemu ndogo ya kazi hiyo imebaki hadi leo katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake, lililopo Maisons-Alfort karibu na Paris.

Maisha ya awali

Fragonard alizaliwa katika mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, mji unaojulikana kwa utengenezaji wa manukato. Binamu yake, Jean-Honoré Fragonard, alizaliwa mwaka uleule katika mji huohuo akawa mchoraji mashuhuri. Kwa sababu ya kufanana kwa majina, watu wengi huwachanganya wawili hao.

Honoré alijifunza upasuaji, akapata kibali cha kufanya kazi hiyo mwaka 1759. Upasuaji wa wakati ule ulifundishwa kwa vitendo, na aliyeusomea alilazimika kuzoea kisu na kuufahamu mwili kwa macho na mikono yake. Ujuzi huo ndio uliombadilishia maisha.

Shule za Lyon na Alfort

Katika karne ya 18 ng'ombe wengi wa Ulaya walikufa kwa sotoka, na wakulima walipoteza maziwa, nyama na wanyama wa kulimia. Wanyama wagonjwa walitibiwa na wahunzi waliopigilia farasi viatu vya chuma, au na watu waliorithi dawa kutoka kwa wazazi wao. Hapakuwa na shule ya kuwafundisha.

Claude Bourgelat, mwanasheria aliyeongoza chuo cha upandaji farasi mjini Lyon, alipata kibali cha serikali ya mfalme mwaka 1761 cha kuanzisha shule ya kutibu wanyama. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka 1762, na Fragonard akaajiriwa kufundisha anatomia. Wanafunzi walikuja hata kutoka nchi nyingine za Ulaya. Baadhi yao, kama Peter Christian Abildgaard wa Denmark, walirudi makwao wakaanzisha shule za namna hiyo.

Bourgelat alianzisha shule ya pili karibu na Paris, ambayo mwaka 1766 ilihamia Alfort. Fragonard akawa mkurugenzi wake wa kwanza na mwalimu wa anatomia.

Utengenezaji wa mifano

Mwalimu wa anatomia wa wakati huo alikuwa na shida kubwa: mzoga huoza baada ya siku chache, hasa wakati wa joto. Kila somo lilihitaji mnyama mwingine. Fragonard alitafuta njia ya kuufanya mwili mmoja ufundishe wanafunzi wa miaka mingi.

Kwanza aliingiza katika mishipa ya damu mchanganyiko wa moto wenye mafuta ya kondoo, utomvu wa miti na rangi, ambao uligandamana ulipopoa. Kisha alichuna ngozi, akatenganisha misuli, mishipa na neva kwa uangalifu. Mwili ulilowekwa katika alkoholi, ukafungwa kwenye fremu katika mkao aliotaka, ukaachwa ukauke. Mwishoni alipaka vanishi ili kuukinga na wadudu na unyevu. Baadhi ya mambo ya njia yake aliyaficha, na wataalamu wa nyakati zetu wamelazimika kuyachunguza katika maabara.

Kwa njia hiyo alitengeneza mifano mingi sana. Maarufu kuliko yote ni ule wa mpanda farasi, ambamo mtu na farasi wake wote wamechunwa ngozi na farasi yuko katika mkao wa kukimbia. Kuna hadithi kwamba mpanda farasi huyo alikuwa mchumba wa Fragonard, lakini si kweli, kwa kuwa mwili huo ni wa mwanamume.

Kufukuzwa na miaka ya mwisho

Mwaka 1771 Bourgelat alimfukuza Fragonard shuleni, na ikasemwa kwamba amepatwa na wazimu. Hata hivyo, maisha yake ya baadaye hayaonyeshi mtu aliyepoteza akili. Aliendelea na kazi yake nyumbani, akiwauzia matajiri waliopenda kukusanya vitu vya ajabu.

Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa alirudi katika kazi za umma. Alishiriki katika kuorodhesha makusanyo ya anatomia yaliyokuwa yamechukuliwa na taifa, na baadaye akasimamia kazi za anatomia katika shule mpya ya afya ya Paris. Alifariki mwaka 1799 akiwa na umri wa miaka 66.

Urithi

Makusanyo ya Alfort yalitawanywa wakati wa Mapinduzi. Vitu vingi vilipelekwa katika taasisi nyingine, na vingi vikapotea au kuharibika. Miili iliyochunwa ngozi na Fragonard iliyobaki Alfort ni takriban 20 tu. Kwa muda mrefu ilionwa hasa na wanafunzi na wageni wachache, hadi jumba hilo lilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Pamoja na miili hiyo, jumba lina mifupa ya wanyama wa aina nyingi, mawe yaliyotoka matumboni mwao, viungo vilivyoharibiwa na magonjwa na wanyama waliozaliwa na kasoro.

Baadhi ya watazamaji huiona kazi ya Fragonard kuwa ya kutisha, wengine huiona kuwa sanaa. Lakini ilianza kama vifaa vya darasani, wakati wanadamu walipoanza kuamini kwamba ng'ombe na farasi nao wanastahili daktari aliyesoma. Jambo hilo linaihusu Afrika Mashariki pia. Sotoka iliingia huku mwishoni mwa karne ya 19, ikaua ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine na kuleta njaa kubwa. Mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote, kutokana na chanjo na kazi ya taaluma ambayo Fragonard alikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza.